Je, Wajua? Jina la Washington Lilitoka Kijijini Uingereza

Ukitaja Washington, wengi hufikiria kwanza mji mkuu wa Marekani, halafu George Washington, rais wa kwanza wa nchi hiyo. Wapenzi wa filamu humkumbuka Denzel. Lakini jina hili lilikuwapo karne nyingi kabla Marekani haijawa nchi. Ni jina la kijiji cha kaskazini mashariki mwa Uingereza, ambacho leo ni mji jirani na Sunderland. Jina la kijiji liligeukaje kuwa jina la ukoo? Na lilifikaje kwa watu ambao mababu zao walitolewa Afrika?

Katika Kiingereza cha kale, tun lilikuwa shamba pamoja na makazi yake. Mabaki yake yako mwishoni mwa majina ya miji mingi: Brighton, Preston, Bolton, Northampton. Wataalamu wengi wa majina wanaiona Washington kuwa tun ya watu wa bwana mmoja aliyeitwa Hwæsa. Huyo Hwæsa hatumjui kwa lolote jingine, ila ardhi ilibaki na jina lake.

Zamani hizo Mwingereza wa kawaida hakuwa na jina la ukoo. Alikuwa na jina moja, likamtosha. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka nchi, na majina yao kama William, Robert na Richard yakapendwa mno, hata kijiji kimoja kikawa na akina William kadhaa. Wakati huohuo makarani wa wafalme na maaskofu walitaka kuandika nani ana ardhi ipi na anadaiwa nini. Ilibidi William huyu atofautishwe na yule. Wapo walioitwa kwa kazi, kama Smith, yaani mhunzi; wapo walioitwa kwa baba, kama Johnson; na wapo walioitwa kwa mahali.

Majina ya mahali yana jambo ambalo wengi hulikosa. Mtu anayeishi Lincoln hawezi kuitwa "wa Lincoln" na majirani zake, maana wote ni wa Lincoln. Jina hilo humpata akishahama, huko ugenini ambako yeye peke yake ndiye katoka Lincoln. Kwa hiyo mara nyingi jina la mahali hutuambia ukoo uliondoka wapi. Njia ya pili ilikuwa ya wenye mali: bwana aliyemiliki kijiji alijiita kwa kijiji chake, na mwanawe akarithi ardhi na jina kwa pamoja.

Washington walipita njia hii ya pili, na tunaweza kuona jina likizaliwa. Katika karne ya 12 kulikuwa na mwungwana aitwaye William de Hertburn, yaani William wa Hertburn. Alibadilishana ardhi na Askofu wa Durham: akatoa Hertburn, akapewa Wessyngton, kama ilivyoandikwa siku hizo. Boldon Book, daftari la mali za askofu la mwaka 1183, linaonyesha alitakiwa kulipa pauni nne, na kwenda na mbwa wanne kwenye uwindaji mkubwa wa askofu. Alipobadili ardhi alibadili na jina. Akawa William de Wessyngton. Kwa jicho la leo ni ajabu, lakini kwao jina lilifuata udongo. Baada ya vizazi kadhaa ndipo lilipowaganda watu, hata wale waliokwisha kuondoka kijijini.

Na waliondoka. Matawi yakafika Lancashire, kisha Northamptonshire. Mwaka 1539, Mfalme Henry VIII alipokuwa akiuza mali alizowanyang'anya watawa, mfanyabiashara wa sufu Lawrence Washington alinunua shamba la Sulgrave. Kitukuu chake, naye Lawrence, alikuwa kasisi wa Purleigh huko Essex. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, mwaka 1643 aliondolewa parokiani kwa tuhuma za ulevi, na familia ikaanguka. Mwanawe John akatafuta riziki kwenye biashara ya tumbaku, akavuka bahari mnamo 1656. Chombo chake kilikwama katika mto Potomac, akabaki Virginia. George, aliyezaliwa mwaka 1732, ni kitukuu cha John.

Nembo ya ukoo, mistari miwili myekundu na nyota tatu nyekundu juu yake, tangu 1938 ndiyo bendera ya jiji la Washington.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mimi naliona zito kuliko yote hayo. Sensa ya Marekani ya mwaka 2000 ilikuta watu zaidi ya 163,000 wenye jina la ukoo Washington, na takriban asilimia 90 yao walikuwa Wamarekani weusi. George hakuzaa mtoto. Mwaka 1799 watumwa 317 walikuwa Mount Vernon, shambani kwake. 123 kati yao walikuwa mali yake mwenyewe, na wosia wake uliagiza waachwe huru. Hao peke yao hawawezi kueleza wingi huo.

Sehemu kubwa ya jibu iko baada ya 1865, utumwa ulipofutwa nchi nzima. Wenye watumwa waliwaandika kwa jina moja tu, ingawa wengi walikuwa na majina ya ukoo waliyoitana wenyewe kwa wenyewe. Sasa mtu huru alihitaji jina kamili kwa ajili ya mkataba wa kazi, shule na sensa, na wengi walijichagulia. Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa Virginia na baadaye kuongoza chuo cha Tuskegee kuanzia 1881, alisimulia jinsi ilivyokuwa kwake. Shuleni, mwalimu alipoita majina, alisikia kila mtoto ana majina mawili au zaidi, naye ana moja tu, Booker. Zamu yake ilipofika alijibu kwa utulivu kwamba anaitwa Booker Washington. Baba yake wa kambo aliitwa Washington Ferguson. Baadaye aligundua kwamba mama yake alikuwa amempa pia jina la Taliaferro tangu utotoni. Alilichukua akaliweka katikati, na lile alilojichagulia mwenyewe akaliacha mwishoni.