Upepo wa tairi la pikipiki: namba ya kuamini ni ipi?

Simama karibu na mashine ya upepo kwenye kituo cha mafuta chochote kando ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi na utasikia maagizo ya aina mbili: "Weka thelathini kote" au "Jaza iwe ngumu kabisa." Yote mawili yana kasoro ileile. Hayaulizi pikipiki ni ipi, wala itabeba nini siku hiyo.

Namba sahihi hutolewa na aliyeunda pikipiki. Tafuta kibandiko kwenye kifuniko cha cheni au karibu na gurudumu la nyuma, au fungua kitabu cha mwongozo. Kwa pikipiki nyingi za boda boda hapa jijini, zile za cc 100 hadi 150, utakuta namba zinazokaribia psi (kipimo cha mkandamizo wa upepo) 25 mbele, 28 nyuma mwendeshaji akiwa peke yake, na 32 nyuma akiwa na abiria. Zinazotoka India mara nyingi huandikwa kwa kilo kwa sentimita ya mraba: 1.75, 2.00 na 2.25, yaani hizohizo 25, 28 na 32. Pikipiki za umeme hubeba betri nzito, kwa hiyo usizikadirie kwa namba za zile za petroli. Na kwa kuwa kibandiko hakivumilii mashine za kuoshea pikipiki, iandike namba yako kwa rangi chini ya kiti kabla haijafutika.

Namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni jambo jingine kabisa. Ile psi ya juu inayoandikwa pale ni kikomo cha tairi likiwa na mzigo wake wote, si kiwango cha kuweka kila siku. Karibu nayo utaona maandishi kama 50P. Hiyo 50 ina maana tairi linaweza kubeba kilo 190, na P ni kasi isiyozidi kilomita 150 kwa saa. Lakini kilo 190 hizo tairi hulibeba kwa nguvu ya upepo uliomo ndani. Upepo ukipungua, uwezo nao unashuka, hata kama tairi lilinunuliwa jana.

Ndiyo maana upepo mdogo ndio unaotutia wasiwasi zaidi. Ubavu wa tairi hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka, joto linapanda, na nyuzi za ndani huanza kuchoka. Usukani unakuwa mzito, na mafuta yanaisha haraka. Kwa tairi lenye tyubu kuna dalili unayoweza kuiona ukichuchumaa tu: angalia valvu. Ikiwa imeinama upande mmoja badala ya kusimama wima kwenye rimu, tairi limeteleza na kuivuta tyubu, na siku moja valvu itang'oka shinani ukiwa mwendoni. Dalili nyingine huiona fundi wa pancha: matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba kwenye tyubu. Watu husema ni msumari, lakini msumari hautoboi mara mbili hivyo. Hapo tyubu ilibanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo la barabarani.

Upepo wa kupita kiasi nao una madhara yake. Tairi linakanyaga lami kwa ukanda mwembamba wa katikati, linaota kipara hapo huku meno ya pembeni yakiwa bado mapya, na kwenye matuta linadunda badala ya kushika. Wapo wanaopunguza upepo mvua ikinyesha ili tairi "lishike." Kwenye lami usifanye hivyo, kwani mifereji ya tairi inahitaji mkandamizo wa kutosha ili isukume maji pembeni.

Sasa, mwanaboda anayetoka stejini peke yake, akarudi na abiria, kisha akapakia kreti za nyanya katika soko la Marikiti, aweke ngapi? Hawezi kujaza na kupunguza kila safari. Ushauri wetu: tairi la nyuma lijazwe kwa namba ya abiria, libaki hapo. Kuendesha peke yako ukiwa na psi 4 za ziada kunakurusha kidogo tu, ila kubeba mzigo ukiwa na psi 4 pungufu kunaumiza tairi. Tena namba hiyo imekadiriwa kwa abiria mmoja, kama sheria inavyoruhusu. Hakuna upepo unaohalalisha mishikaki.

Kipimo kichukuliwe tairi likiwa baridi, yaani kabla ya safari ya kwanza ya siku, au baada ya pikipiki kupumzika kivulini kwa muda wa saa tatu hivi. Kosa tunalokutana nalo sana ni la saa saba mchana: geji inasoma 36, mwendeshaji anapunguza hadi 32, na kesho yake alfajiri, hasa baridi ya Julai, anaamka na 28 akidhani ana pancha. Kama kituo cha mafuta kiko mbali, pima nyumbani kwanza. Tuseme umepata 26 na unahitaji 32: umepungukiwa na 6. Ukifika kituoni tairi limepata joto na linasoma 28, basi ongeza zile 6, ufike 34. Likipoa litarudi 32.

Kwa hilo unahitaji geji yako mwenyewe. Ile ya mfukoni inatosha, kuliko ya kituoni inayoangushwa sakafuni kutwa nzima, na kuliko kidole gumba au teke, ambavyo haviwezi kutofautisha 22 na 30. Pima angalau mara moja kwa wiki, kwa sababu tyubu huvuja kidogo kidogo hata bila pancha. Lakini tairi moja likipungua haraka kuliko lenzake, paka maji ya sabuni kwenye mdomo wa valvu. Mapovu yakitokea, mwambie fundi abadilishe sindano ya valvu kabla hajagusa tairi, kisha urudishe kofia yake ili vumbi lisiingie.