Rangi za pisti: kijani, bluu, nyekundu na nyeusi zina maana gani?

Pisti ni njia ya theluji iliyoandaliwa mlimani ili watu wateremke kwa skii, yaani vipande viwili virefu vinavyofungwa miguuni, au kwa ubao mmoja mpana. Neno lenyewe lilianzia kwa Waitaliano likapitia kwa Wafaransa, na asili yake ni kukanyaga: njia iliyokanyagwa mpaka ikashika. Siku hizi haikanyagwi kwa miguu. Usiku, lifti za kupandisha watu mlimani zikishafungwa, hupita mashine kubwa zenye minyororo kama ya kifaru cha vita, zikiisukuma theluji, kuivunjavunja na kuishindilia. Asubuhi utakuta pisti imejaa mistari midogo iliyonyooka kama migongo ya bati. Pembeni husimamishwa nguzo, na mtu akizivuka, hata kwa hatua tano tu, ameshatoka pistini. Huko hakuna aliyekagua mashimo, miamba wala hatari ya theluji kuporomoka.

Mgeni anayefika kwenye kituo cha skii, tuseme Alpe d'Huez kule Ufaransa, hununua tiketi ya lifti na kuchukua ramani. Ramani hiyo ni mchoro wa mlima uliotambaa mishipa ya rangi nne. Ataambiwa kwamba kijani ni ya wanaojifunza, bluu ni nyepesi, nyekundu ni ya waliozoea na nyeusi ni ya mabingwa. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanamfanya adhani rangi ni kipimo kama kilo au lita, kwamba bluu ni bluu popote na saa yoyote. Hapo ndipo wengi huumia.

Tuanze na kile kinachopimika. Katika viwango vya nchi zinazozungumza Kijerumani, pisti ya bluu haitakiwi kuzidi mteremko wa asilimia 25, na nyekundu asilimia 40, isipokuwa kwa vipande vifupi. Juu ya hapo ni nyeusi. Asilimia 25 maana yake ukisogea mita 100 mbele kwa usawa, umeshuka mita 25. Ukisikia hivyo unaweza kucheka, kwa sababu hata ngazi za kawaida za nyumbani zina mteremko unaozidi asilimia 50, na bibi huzishuka akiwa na ndoo. Lakini ngazi ina vidato vya kukanyagia. Pistini umesimama juu ya vipande viwili virefu vilivyopakwa nta ili viteleze, na kitu pekee cha kukushikilia ni kingo zake nyembamba za chuma. Kwa hiyo asilimia 40 ukiwa juu unaiona kama ukuta.

Mteremko si hesabu yote. Njia nyembamba inayopita kando ya korongo inaweza kupewa nyekundu ingawa haijainama sana, kwa kuwa mtu hana nafasi ya kukata kona. Tena kila nchi ina mtindo wake. Austria hawana kijani; wanaanzia bluu. Japani wana kijani, nyekundu na nyeusi. Marekani na Kanada hawatumii nyekundu kabisa: kwao ni duara la kijani, mraba wa bluu na almasi nyeusi, na almasi zikiwa mbili ujue mambo ni mazito. Mtu aliyezoea mraba wa bluu wa Colorado akienda milima ya Alps na kuona nyekundu, hana hakika aogope au asiogope.

Hasa kule Marekani, rangi hulinganisha pisti za mlima mmoja zenyewe kwa zenyewe. Nyeusi ya kilima kidogo ni ile iliyo ngumu kuliko nyingine za kilima hicho, basi. Ndugu zetu wanaofanya kazi Dubai wanaweza kuona jambo hili bila kupanda mlima wowote. Ndani ya jengo la maduka la Mall of the Emirates kuna Ski Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2005, yenye pisti tano na ndefu kuliko zote ikiwa na mita 400. Nayo ina nyeusi yake. Sasa irudishe akili Alpe d'Huez, ambako nyeusi iitwayo Sarenne inaanzia kilele cha Pic Blanc, mita 3,330 juu ya usawa wa bahari, na kuteremka kilomita 16. Ni rangi ileile. Na hata hiyo Sarenne ni kali zaidi pale juu. Sehemu kubwa ya chini ingekuwa peke yake, isingeitwa nyeusi.

Wanaotumia ubao wana lalamiko lao, na mimi naliona la haki. Rangi zilipangwa kwa kumfikiria mtu wa skii mwenye fimbo mbili mkononi. Kijani iliyokaribia kuwa tambarare kwake ni matembezi. Mwenye ubao, ambaye miguu yote miwili imefungwa na hana fimbo, akikwama hapo hufungua mguu mmoja na kujisukuma kama mtoto kwenye skuta, jasho likimtoka kwenye baridi hiyohiyo.

Kisha kuna saa. Bluu ya saa tatu asubuhi, ikiwa na mistari yake ya bati, ni ngumu chini na inateleza vizuri. Kufikia saa nane mchana mamia ya watu wameshaikwangua: theluji imerundikana matuta, na katikati yake yametokea mabaka ya barafu. Mwezi wa Aprili jua huigeuza kuwa uji mzito unaoshika miguu, na kivuli kikiingia jioni uji huo huganda ukiwa na mikunjo yake yote. Kibao kinabaki bluu. Mapaja nayo yamechoka, na watu wote wanashuka pamoja kuelekea kijijini. Kanuni za shirikisho la kimataifa la skii, ambazo ni 10, zinasema aliye mbele chini yako ndiye mwenye haki ya njia, na anayetoka juu ndiye wa kumkwepa. Jioni ndipo kanuni hiyo husahaulika.

Ukungu ukishuka, zile nguzo za pembeni ndizo macho yako. Ufaransa huzipa namba zinazopungua kuelekea chini, na zile za mkono wa kulia kwa anayeteremka huwa na rangi ya chungwa kichwani. Mwenzako akivunjika, waokoaji wakikuuliza, wape jina la pisti na namba ya nguzo iliyo karibu.

Kosa la mgeni, hata hivyo, huanzia chini, kwenye lifti. Lifti ya viti ilibuniwa na James Curran, mhandisi wa kampuni ya reli ya Union Pacific, kutokana na mitambo ya kulabu iliyokuwa ikipakia mikungu ya ndizi melini, na ya kwanza ilianza kazi Sun Valley, Idaho, mwaka 1936. Mkungu hauulizwi unakokwenda, na abiria wengi nao hawaulizi. Wanapanda kwa kuwa foleni ni fupi, wanashushwa kileleni, ndipo wanagundua kwamba njia zote za kushukia ni nyekundu na nyeusi. Tazama rangi ya kushukia kabla hujakaa kwenye kiti.

Kwenye mpaka wa Ufaransa na Uswisi, juu ya kituo cha skii cha Avoriaz, kuna mteremko wa Chavanette ambao watu huuita Ukuta wa Uswisi. Unaanza kwa ghafla kiasi kwamba ukisimama ukingoni huoni unakokwenda, na matuta yake yanaweza kumficha mtu mzima. Kando yake kuna lifti ya viti inayoruhusu abiria kuteremka nayo. Kila siku wapo wanaofika ukingoni, wakachungulia, wakageuza skii zao na kwenda kukaa kitini.