Kwa nini mpelelezi hasimulii kisa chake mwenyewe?

Katika riwaya nyingi za upelelezi, anayefumbua fumbo siye anayetusimulia. Mpelelezi Sherlock Holmes ana rafiki yake Dakta Watson, na ni Watson anayeshika kalamu. Kwa nini mwerevu mwenyewe asitueleze?

Kwa sababu angeimaliza hadithi mapema mno. Mpelelezi akiona tope kwenye kiatu cha mgeni, papo hapo anajua mgeni katokea wapi. Tukiwa ndani ya kichwa chake, nasi tutajua, na fumbo litakuwa limekwisha kabla halijakolea. Akituficha anachowaza, tutaona tumechezewa, maana anayesema "mimi" tunatarajia atuambie yaliyomo moyoni mwake. Rafiki ndiye humtoa mwandishi katika mtego huo. Yeye huliona tope, hulitaja, kisha hupita zake. Dalili tumepewa, maana yake bado. Tena huuliza yale maswali ambayo sisi tungeona haya kuyauliza.

Mbinu hii ina umri sawa na utanzu wenyewe. Mwaka 1841 Edgar Allan Poe alipomuumba Dupin, mpelelezi wa Paris, alimpa rafiki msimulizi ambaye hata jina hana. Arthur Conan Doyle akaifuata alipomleta Holmes mwaka 1887. Kwa Kiswahili, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla naye huandamana na Najum.

Mwaka 1929 Ronald Knox, padri Mwingereza aliyeandika riwaya za aina hii, alitoa kanuni kumi za fani. Mojawapo yasema rafiki wa mpelelezi asimfiche msomaji lolote linalompitia akilini, na akili yake iwe chini kidogo, kidogo sana, ya ile ya msomaji wa kawaida. Hicho "kidogo sana" ndicho kigumu. Rafiki akiwa mjinga kupindukia, tunamchoka, na tunaanza kujiuliza mwerevu anamvumilia kwa lipi.

Doyle aliwahi kujaribu kinyume chake. Kati ya visa 60 vya Holmes, viwili tu vinasimuliwa na Holmes mwenyewe, vyote vya mwaka 1926. Katika kimoja, Holmes analalamika kwamba akisimulia mwenyewe analazimika kufunua karata zake, ilhali Watson aliweza kuzificha hadi mwisho. Kwa maoni yangu, hapo mwandishi ndiye aliyekuwa akilalamika.

Je, wapelelezi wanaosema "mimi" tangu mwanzo wanawezaje? Philip Marlowe wa Raymond Chandler, aliyeanza riwayani mwaka 1939, hufanya hivyo bila taabu. Siri ni kwamba yeye hatangulii mbele yetu kwa mbali. Anapigwa, anadanganywa, anabisha mlango usio wake, na mengi anayagundua pamoja nasi. Riwaya ya namna hiyo hutuvuta kwa hatari na lugha kuliko kwa fumbo, hivyo msimulizi hana la maana la kutuficha.