Je, wajua kwa nini tarehe ya hati ya shamba si tarehe ya kufika kwa familia?

Anayetafuta historia ya familia ya wakulima walowezi wa Nebraska, Kansas au Dakota katika karne ya 19 huanza, mara nyingi, na hati ya ardhi. Serikali ya Marekani imeweka nakala za hati hizo kwenye intaneti, na jina la mzee mmoja pamoja na jina la jimbo hutosha kuipata. Hati huonyesha mwenye shamba, ukubwa wake na tarehe. Kwa muda mrefu niliisoma tarehe hiyo kuwa ndiyo alama ya kufika: 1869 imeandikwa, basi familia ilifika 1869. Hivyo sivyo, na kosa hili si dogo, kwa sababu hukupeleka kuitafuta familia katika sensa isiyo yake, na kuwatafuta watoto katika jimbo ambalo hawakuzaliwa.

Sheria iliyowagawia walowezi mashamba hayo, Homestead Act, ilitiwa saini na Rais Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1863. Mkuu wa kaya, au mtu yeyote aliyetimiza miaka 21, wakiwamo wanawake wasioolewa na wajane, aliweza kuomba hadi ekari 160, ilimradi awe raia au awe ametangaza nia ya kuwa raia. Hakupewa hati siku hiyo. Alipaswa kwanza kujenga, kulima na kuishi hapo miaka 5, kisha kuleta mashahidi wa kuthibitisha hayo ndani ya miaka 2 iliyofuata.

Hati, kwa hiyo, ni kama cheti cha kumaliza shule. Cheti cha mwaka 2010 hakimaanishi kwamba mtoto aliingia darasani mwaka huo. Kinamaanisha kwamba mwaka huo kazi ya miaka mingi ilikubaliwa. Mfano mzuri ni wa Daniel Freeman, ambaye ombi lake katika ofisi ya ardhi ya Brownville, Nebraska, lilipewa namba 1. Aliomba tarehe 1 Januari 1863, akatoa uthibitisho tarehe 20 Januari 1868, na hati yake ikatolewa tarehe 1 Septemba 1869. Anayeanzia kwenye hati peke yake humpoteza Freeman kwa zaidi ya miaka 6.

Wengine husema: basi tupunguze miaka 5. Nami nilifanya hivyo, na hapo pia njia haikunyooka. Aliyekuwa na fedha aliweza, baada ya miezi 6 tu, kulipa dola 1.25 kwa kila ekari na kupata shamba mapema. Tangu 1872, askari waliopigana upande wa Muungano, yaani wa serikali ya Lincoln, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe walihesabiwa muda wao wa jeshini kama sehemu ya ile miaka 5. Mwaka 1912 sharti lenyewe likashushwa hadi miaka 3. Na baada ya hayo yote, karatasi bado zilipaswa kwenda Washington na kungoja zamu. Hakuna hesabu moja inayofaa familia zote. Jibu limo ndani ya jalada, yaani karatasi za ombi na za uthibitisho zilizotangulia hati.

Jalada hilo, linalotunzwa na Nyaraka za Taifa, hufunguliwa kwa anwani ya shamba zaidi kuliko kwa jina, na anwani hiyo inahitaji kuelezwa polepole. Wapimaji waligawa nchi katika miraba ya maili 6 kwa 6, na kila mraba katika vipande 36 vya maili moja ya mraba, yaani ekari 640. Namba zake huenda kama mkulima wa maksai anavyogeuka mwisho wa tuta: namba 1 iko pembe ya kaskazini-mashariki, zinakwenda magharibi hadi 6, kisha 7 inakaa chini ya 6 na safari inarudi mashariki. Chukua sasa kipande kimoja kama leso. Ikunje mara mbili, upate robo, ekari 160. Ikunje robo hiyo mara mbili tena, upate ekari 40. Shamba la Freeman lilikuwa vipande vinne vya ekari 40 ndani ya kipande namba 26, vilivyopangika kama herufi T iliyopinduliwa, na ukisoma anwani yake unaweza kulichora kwa penseli.

Ndani ya jalada ndimo familia inapoonekana. Majirani wawili wa Freeman walieleza nyumba ya futi 14 kwa 20, nusu ya magogo na nusu ya mbao, yenye milango miwili na madirisha mawili. Ekari zipatazo 35 zilizolimwa. Banda la kondoo la futi 100. Miti 40 ya matofaa na ipatayo 400 ya mipichi. Sijaona hati yoyote ya umiliki inayotaja mpichi. Mlowezi aliyezaliwa nje ya Marekani aliambatisha pia karatasi za uraia, ambazo huweza kukupeleka hadi nchi alikotoka. Utajiri huu una thamani ya pekee kwa miaka ya mwisho ya karne hiyo, kwa sababu sehemu kubwa kabisa ya sensa ya 1890 iliharibika katika moto wa 1921 mjini Washington. Nebraska na Dakota zina sensa ya 1885, ambayo huziba sehemu ya pengo hilo.

Ushahidi huo, hata hivyo, usomwe kwa uangalifu. Mashahidi walijibu maswali ambayo majibu yake yalijulikana na kila mtu, na jirani uliyemshuhudia leo angeweza kukushuhudia wewe mwakani. Tarehe inayotimiza miaka 5 barabara haina budi kulinganishwa na kitu kingine. Tena, majalada haya huanza na mpimaji wa serikali, ilhali nchi ilikuwa na wenyewe: Waotoe na Wamissouria, makabila ya wenyeji wa asili, waliachia ardhi yao ya eneo hilo kwa mkataba wa 1854, miaka 9 tu kabla ya ombi la Freeman.

Na jina lisipoonekana kabisa katika orodha ya hati, usikate tamaa. Orodha hiyo ni ya waliofaulu. Wengi walishindwa na ukame, deni au upweke, wakaondoka kabla ya uthibitisho, lakini maombi yao yaliandikwa katika madaftari ya ardhi, kipande kwa kipande, pamoja na neno la kufutwa. Kisha yapo magazeti ya mahali: tangu 1879 mlowezi alitakiwa kutangaza nia yake ya kuthibitisha katika gazeti la karibu na shamba, akitaja majirani wanne ambao wawili kati yao wangetoa ushahidi. Majirani hao nao walikuwa na majalada yao, na mara nyingi ni katika jalada la jirani kwamba familia unayoitafuta inasimama kama shahidi.