Jina lako kwenye sanduku la barua

Mgeni akiniuliza ninakaa wapi hapa Kisumu, humwambia ashuke steji ya Kondele, apande boda mpaka penye kinu cha kusaga unga karibu na kanisa, halafu anipigie. Nambari ya nyumba sina na sijawahi kuihitaji. Barua zangu, zikija, huenda kwenye sanduku la posta mjini, 40100. Pesa huja kwa simu.

Ninafundisha Kijerumani vijana wanaojiandaa kwenda kusoma Ujerumani. Wakishafika huko huendelea kunipigia, na malalamiko ya mwezi wa kwanza nimeyazoea: kadi ya benki haijafika, kadi ya bima ya afya haijafika. Huwauliza, "Jina lako liko kwenye sanduku la barua?" Nao: "Sanduku gani, Mwalimu?"

Ujerumani nyumba za ghorofa kwa kawaida hazina nambari za milango. Jengo lenye familia ishirini lina masanduku ishirini pale mlangoni, na mtu wa posta husoma majina ya ukoo. Asipoliona lako, barua hurudi ilikotoka. Nilipokuwa mwanafunzi Leipzig nilipanga chumba kwa msichana tuliyesoma pamoja, na sandukuni palikuwa na jina lake peke yake. Nilingoja kadi ya benki wiki tatu nikiamini wamenikataa. Kumbe ilifika mpaka mlangoni ikarudishwa. Wiki hizo nilizila kwa kukopa, na ndiyo maana jambo hili silipiti juujuu darasani.

Kila kitu huko hufuata anwani. Ukihamia nyumba una wiki mbili za kujiandikisha katika ofisi ya jiji. Wenyewe huita Anmeldung. Unakwenda na pasipoti na karatasi aliyotia sahihi mwenye nyumba kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Jina la karatasi hiyo ni refu, Wohnungsgeberbestätigung, na tangu Novemba 2015 huwezi kuikwepa. Mkataba wa kupanga hauchukui nafasi yake. Kwa hiyo iulizie kabla hujatoa pesa ya amana. Mtu akikwambia, "Kaa tu, ila usijiandikishe hapa," mshukuru, lala siku chache, na uendelee kutafuta. Usikubali hata kama kodi ni nafuu. Na kwa kuwa miadi ya ofisi hizo hujaa haraka mwanzo wa muhula, Oktoba, itafute mtandaoni ukiwa bado Kenya, kama jiji lako linaruhusu.

Ukishajiandikisha, bahasha zinaanza kuja. Nambari ya mlipakodi, yenye tarakimu 11, huja kwa posta. Ukipata kibarua kabla haijafika, mwajiri anaweza kulazimika kukukata kodi ya kiwango cha juu kabisa. Kadi ya benki huja siku yake na nambari ya siri siku yake, bahasha mbili. Hapo ndipo akaunti maalumu mliyoifungua kwa ajili ya viza, ile inayofungia pesa zako za matumizi ya mwaka, inapoanza kukusaidia. Kiwango chake kilipopandishwa mwaka 2024 kilifika euro 11,904 kwa mwaka, nawe huruhusiwa kuchukua euro 992 tu kila mwezi, zikipitia akaunti ya kawaida. Wazazi waliouza ng'ombe na kuchangisha harambee Siaya nzima hushtuka kusikia mtoto hana nauli ilhali pesa zipo. Wazazi wangu, zipo kweli. Mtoto hakudanganyi.

Kuna bahasha moja wengi huitupa wakidhani ni matapeli: inadai ada ya redio na televisheni za umma, euro 18.36 kwa mwezi, hata kama huna televisheni. Ni ya kweli. Ila hutozwa kwa nyumba, hata mkiishi wanne. Waulize wenzako nani tayari analipa, uijibu barua kwa kutaja nambari yake ya ada hiyo, mchange.

Limebaki suala la jina, nalo kwetu lina mtego. Nyumbani unaitwa Akinyi, shuleni Mercy, na kwenye pasipoti jina la ukoo ni Otieno. Barua zitaandikwa Otieno. Basi sandukuni na kwenye kengele weka Otieno, kwa herufi zilezile za pasipoti, hata kama katika jengo zima hakuna atakayekuita hivyo. Na ukiwa umepanga kwa mtu asiyetaka jina la pili mlangoni pake, mwambie kila anayekuandikia aweke neno la Kijerumani "bei", yaani "kwa", na jina la mwenyeji wako chini ya lako.

Siku ya mwisho ya darasa kila mwanafunzi hufungua pasipoti yake, akanakili jina hilo kwenye vipande viwili vya karatasi ngumu, kimoja cha sanduku na kimoja cha kengele. Huvitia kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na selotepu.