"Pattaya Wananijua": Dhana Potofu za Wageni wa Mara kwa Mara

Kuna kauli moja kuhusu Pattaya, mji wa pwani wa Thailand, ambayo wateja wangu wameirudia kiasi kwamba sasa naona ni wajibu wangu kuijibu kwa maandishi: "Mimi Pattaya nimekwenda sana, wananijua pale, siwezi kupata shida ya kuingia." Huisema Mwomani anayesafiri kila joto la Muscat linapozidi, huisema mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayenunua nguo Pratunam, Bangkok, kisha akateremka baharini kupumzika, na huisema Mmombasa mwenye pasipoti ya Ujerumani anayeikimbia baridi ya Hamburg. Wote wanaamini kwamba pasipoti iliyojaa mihuri ni ushahidi wa uaminifu, na kwamba kila safari huirahisisha ile inayofuata. Kazi yangu ni kuandaa maombi ya viza na nyaraka za safari, na nasema bila kusita kwamba sijaona dhana inayowaingiza watu wazima, wenye fedha zao na nia njema, katika matatizo mengi kuliko hii.

Sheria ya Uhamiaji ya Thailand, iliyotungwa mwaka 1979, haina daraja la mgeni mzoefu. Kila unapofika kiwanja cha ndege cha Suvarnabhumi, Bangkok, au kingine chochote, ombi lako la kuingia linaanza upya, na viza uliyopewa na ubalozi ni ruhusa ya kufika mbele ya afisa tu. Uamuzi wa kukuingiza ni wa afisa huyo. Kifungu cha 12 cha sheria hiyo kinaorodhesha sababu za kumkatalia mgeni, na mbili kati ya hizo ndizo zinazowagusa wageni wa mara kwa mara: kutokuwa na njia ya kujikimu inayofaa, na kuingia kwa lengo la kufanya kazi. Mtu anayekwenda mara moja kwa wiki mbili hana sababu ya kuviogopa vipengele hivyo. Anayekwenda na kurudi mwaka mzima anayo.

Afisa anapofunua kurasa za pasipoti hatafuti idadi ya safari zako ili akupongeze. Muhuri wa kuingilia wa Thailand una tarehe mbili, ya siku uliyoruhusiwa kuingia na ya mwisho wa ukaaji wako, na kando yake upo muhuri wa kutoka. Akiisoma mihuri hiyo kwa mfululizo, anaona umekaa ndani siku ngapi na nje siku ngapi. Mtu aliyekaa siku 60, akaenda ofisi ya uhamiaji ya Jomtien, jirani na Pattaya, akaongezewa 30, akatoka kwenda Kuala Lumpur kwa siku mbili, kisha akarudi kuomba 60 nyingine, mihuri yake imekwisha kusema kwamba anaishi Thailand. Swali linalofuata ni la kawaida kabisa: anaishi kwa fedha gani? Asipokuwa na jibu lenye karatasi, mtalii huyo anakuwa mtu anayeshukiwa kufanya kazi bila kibali, na hapo ule mwaka wa kumi wa kwenda Pattaya unageuka kuwa hoja dhidi yake.

Mteja wangu mmoja, mtu mzima mwenye biashara yake halali, aliulizwa na afisa kwenye dirisha la uhamiaji anakwenda wapi. Akajibu kwa furaha kwamba anakwenda nyumbani, kwa sababu amepanga fleti Jomtien kwa mwaka mzima na ana nguo na sufuria zake mle. Alipelekwa chumba cha pembeni, akaombwa tiketi ya kurudi, akaombwa aonyeshe fedha, akaulizwa anafanya kazi gani na kwa nani. Aliruhusiwa kuingia hatimaye, baada ya kumpigia simu mwanawe ampelekee picha ya leseni ya biashara. Kosa lake halikuwa uongo. Alisema ukweli ambao viza yake ya utalii haikuutambua.

Dhana hii ilizidi nguvu Julai 2024, Thailand ilipopanua msamaha wa viza hadi nchi na maeneo 93 na kuwapa raia wake siku 60 za kukaa. Wengi walilichukua tangazo hilo kana kwamba ni mwaliko wa kuhamia kwa vipande vya siku 60, ilhali lilihusu utalii na safari fupi za biashara. Kwa wanaoingia kwa nchi kavu bila viza, ukomo wa mara mbili kwa mwaka wa kalenda umekuwapo tangu mwisho wa 2016. Kwa wanaoingia kwa ndege hapakuwa na idadi iliyoandikwa, na watu wakadhani kwamba pasipo na idadi pana uhuru, kumbe pana hiari ya afisa, ambayo ni jambo zito zaidi. Novemba 2025 Idara ya Uhamiaji ikatangaza kwamba wanaotoka na kuingia mfululizo kwa msamaha wa viza zaidi ya mara mbili bila sababu ya msingi wanaweza kukataliwa. Zile safari za basi dogo kwenda mpaka wa Kambodia alfajiri na kurudi Pattaya jioni ile ile zilikuwa zimekwisha kukwama tangu katikati ya 2025, mgogoro wa nchi hizo mbili ulipofunga vituo vya mpakani.

Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania na Uganda hawakuguswa na msamaha huo. Hao wanaomba viza kabla ya kusafiri, na tangu Januari 2025 maombi yote hupitia mfumo wa viza ya mtandaoni. Bado dhana ni ile ile katika vazi jingine: "Walinipa mwaka jana, watanipa tena." Anayeamini hivyo hupeleka taarifa ya benki yenye salio lililoingizwa juzi, barua ya kazi ya zamani, na nafasi ya hoteli atakayoifuta kesho yake. Ombi la tano huchunguzwa kama la kwanza, na wakati mwingine zaidi, kwa kuwa anayelisoma anaweza kulilinganisha na ulichosema awali. Nao wanaofikiri kwamba pasipoti mpya inafuta historia wakumbuke kwamba viwanja vya ndege vya Thailand vimekuwa vikichukua alama za vidole na picha za wageni tangu 2019. Kitabu kikibadilika, vidole ni vile vile.

Ushauri wangu katika hili haubadiliki, na wateja wangu wamechoka kuusikia. Beba bahasha yenye karatasi zilizochapishwa: tiketi ya kutoka Thailand, uthibitisho wa mahali pa kulala, taarifa ya benki ya miezi kadhaa, na barua ya mwajiri au leseni ya biashara inayoonyesha kwamba una kitu cha kukurudisha kwenu. Beba pia fedha taslimu, kwa sababu afisa ana haki ya kutaka kuziona: baht (sarafu ya Thailand) 20,000 kwa mwenye viza ya utalii na 10,000 kwa aliyesamehewa viza, au kiasi sawa na hicho kwa sarafu nyingine. Simu inaweza kuzima wakati unapoihitaji, karatasi haizimi. Kisha kaa kwenu muda usiopungua ule uliokaa kwao kabla ya kurudi. Hiyo haimo katika sheria yoyote, ni kanuni yangu mwenyewe, lakini anayeifuata huwa na mihuri inayomwonyesha kuwa mtalii.

Na kama kweli unataka kukaa nusu ya mwaka, omba viza ya kukaa nusu ya mwaka. Ipo ile inayojulikana kwa kifupi DTV, iliyoanzishwa Julai 2024 kwa wanaofanya kazi zao kwa mbali na kwa shughuli kadhaa kama kujifunza ndondi za Kithai au upishi. Hudumu miaka 5, kila kuingia ni siku 180, na mwombaji anatakiwa awe na umri wa miaka 20 au zaidi na akiba ya baht 500,000. Ninashangaa kila mara kumwona mtu anayetimiza masharti hayo yote akiendelea kuchezea bahati yake dirishani.

Dhana ya pili kwa madhara ni kwamba kupitiliza siku ulizoruhusiwa kukaa ni suala la faini tu. Faini ni baht 500 kwa siku na haizidi 20,000, na urahisi huo ndio unaowadanganya watu. Tangu tarehe 20 Machi 2016, aliyepitiliza zaidi ya siku 90 na akajisalimisha mwenyewe wakati wa kuondoka hupigwa marufuku kuingia Thailand kwa mwaka 1. Zaidi ya mwaka mmoja, miaka 3. Zaidi ya miaka mitatu, miaka 5. Zaidi ya mitano, miaka 10. Aliyekamatwa kabla ya kujisalimisha hupigwa marufuku miaka 5 hata kama amepitiliza siku chache tu. Ukaguzi wa barabarani unaweza kukukuta Barabara ya Pili ya Pattaya ukienda kununua maji, na siku tatu za uzembe zikakugharimu miaka mitano. Tena hesabuni vizuri: siku ya kufika ni siku ya kwanza. Itazame tarehe iliyopigwa muhuri, usiyategemee mahesabu ya kichwani, na ukitaka kuongeza nenda Jomtien mapema ukiwa na fomu ya TM7, picha, nakala za kurasa za pasipoti ulizozitia saini moja moja, na baht 1,900.

Wapo wanaoamini kwamba ukifika umri wa miaka 50 mlango uko wazi. Umri ni sharti moja tu. Anayeongezewa mwaka kwa sababu ya kustaafu lazima awe na baht 800,000 katika benki ya Thailand, au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, au mchanganyiko unaofikia kiwango hicho cha 800,000 kwa mwaka, na huyathibitisha hayo upya kila mwaka. Linaloniuma ni kuona mtu aliyehangaika kupata mwaka huo akiupoteza kwa siku moja, kwa sababu alisafiri kwenda harusi Zanzibar bila kuchukua kibali cha kuingia tena. Kibali hicho ni baht 1,000 kwa safari moja na 3,800 kwa safari nyingi. Ukitoka bila nacho, ukaaji wako umekufa. Vilevile, taarifa ambayo mgeni wa muda mrefu huitoa uhamiaji kila siku 90 ni kuieleza ofisi mahali unapoishi, haikuongezei hata siku moja.

Kuhusu makazi, mwenye nyumba anapaswa kutoa taarifa ya mgeni ndani ya saa 24 kwa fomu ya TM30. Hoteli hufanya hivyo bila kuulizwa. Wenye fleti binafsi wengi hawajishughulishi, na mgeni hugundua siku anapoomba kuongezewa muda na kuambiwa akalete karatasi hiyo. Iombe siku unayopokea ufunguo.

"Namsaidia rafiki yangu tu kwenye baa yake, hanilipi." Kutolipwa si kinga. Kazi bila kibali ina faini ya baht 5,000 hadi 50,000 na kurudishwa kwenu, na kuongoza watalii ni miongoni mwa kazi ambazo mgeni haruhusiwi hata kuziombea kibali. Anayewatembeza wageni kutoka kwao kwenda kisiwa cha Koh Larn kwa malipo, eti kwa kuwa anaijua Pattaya, yumo humo.

Mgeni wa mara kwa mara mwishowe huanza kutazama nyumba, na hapo hukutana na wauzaji wenye maneno matamu. Mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi Thailand, isipokuwa kwa njia finyu sana zisizomhusu mpita njia. Anaruhusiwa kumiliki fleti katika jengo lililosajiliwa kwa umiliki wa fleti moja moja, mradi wageni kwa jumla wasizidi asilimia 49 ya eneo la fleti zote. Njia inayouzwa vichochoroni ni kufungua kampuni yenye Wathai wa kuazima majina ili kampuni inunue ardhi. Sheria ya Biashara za Wageni ya 1999 inalitaja hilo kuwa kosa la jinai, lenye kifungo cha hadi miaka 3 au faini ya baht 100,000 hadi 1,000,000, au vyote viwili, na ardhi yenyewe huamriwa iuzwe. Wanaoambiwa kwamba wanapata pango la miaka 90 wafahamu kwamba ukomo wa kisheria ni miaka 30. Ile 60 ya ziada ni ahadi ya mtu, na watu hufa, huuza na hufilisika. Sipendi kumwona mtu aliyetunza akiba ya maisha yake Jeddah au London akiiweka katika karatasi ambayo wakili wake mwenyewe, si wa muuzaji, hajaisoma.

Pikipiki: leseni ya gari haikuruhusu kuendesha, na bila daraja la pikipiki katika leseni yako na kibali chako cha kimataifa, bima ya safari ina sababu ya kukataa bili ya hospitali. Wala usiache pasipoti kwa mwenye duka kama amana. Weka fedha, au tafuta duka jingine.

Mwisho ni kwa wanaotoka Afrika Mashariki na Kongo. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinatakiwa kila safari, na mtu hukisahau kwa sababu safari iliyopita hakuulizwa. Tangu Julai 2016 chanjo moja inatambuliwa kwa maisha yote, kwa hiyo cheti cha zamani kinachosema kimekwisha muda bado kinafaa, lakini anayechanjwa mara ya kwanza asubiri siku 10 kabla ya kuingia. Na kwa wageni wote, kadi ya kuwasili ya mtandaoni, iliyoanza tarehe 1 Mei 2025, hujazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika na ni bure. Tovuti ikikudai malipo kwa ajili yake, ifunge utafute ile ya Idara ya Uhamiaji.