"Keshazoea Mikono," na Mengine Niliyochoka Kuyasikia

Siku ya chanjo hapa Wete, mtoto wa wiki sita alikuwa akilia kwenye benchi hadi mdomo unamtetemeka. Mama yake alinyoosha mkono, mamamkwe akaurudisha. Maziwa yalikuwa yameshamtona, kanga ya kifuani imelowa.

"Mwache, mwanangu daktari," Bibi akaniwahi. "Huyu keshazoea mikono. Samaki mkunje angali mbichi."

Nikamwamkia, nikampakata mtoto mwenyewe. Akanyamaza.

"Si unaona?" akasema Bibi, kama kwamba hoja ni yake.

Methali hiyo naisikia kila kliniki, na kila mara nasema: samaki wa wiki sita bado yumo majini, hakunjiki. Wiki sita ndipo kilio cha watoto wachanga hufika kileleni, kisha kwenye miezi mitatu au minne hupungua chenyewe. Kwetu kilele hicho kinagongana na kumalizika kwa arubaini. Siku zote hizo nyumba nzima imepokezana mtoto; wageni wakiondoka na kilio kikazidi, lawama inabebeshwa mikono. Mwaka 1986, Hunziker na Barr wa Montreal waliwataka akina mama wawabebe watoto wao zaidi kila siku, hata wakiwa hawalii. Kufika wiki sita, watoto hao walikuwa wakilia kwa asilimia 43 pungufu kuliko wenzao. Pungufu, Bibi.

Kinachotokea ubongoni kimefuatiliwa zaidi kwa panya, mji huohuo, Chuo Kikuu cha McGill, na Michael Meaney na wenzake. Panya wengine huwalamba sana watoto wao wiki ya kwanza, wengine kidogo. Mwaka 1997 walionesha kwamba waliolambwa sana hukua na vipokezi vingi zaidi vya homoni za msongo kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Vipokezi hivyo ndivyo breki: homoni ikipanda, ubongo huihisi mapema na kuamuru ishuke. Aliyelambwa kidogo hushtuka zaidi, na moto wake hukawia kuzimika. Panya si mtu, najua. Lakini mwaka 2009 walipochunguza bongo za watu waliofariki kwa kujiua, kwa wale waliodhulumiwa utotoni jeni ya kipokezi hicho ilikuwa imefifia kazi.

Kwa hiyo unapomwacha mchanga alie ili "ajifunze", unamdai kitu ambacho bado hajapewa. Utulivu anaukopa kifuani kwako.

Mengine nayapitia upesi.

"Hasira za damu, babu yake alikuwa hivyohivyo." Mwaka 1999 kundi hilo la McGill liliwabadilishia watoto mama: aliyezaliwa na mlambaji hafifu akilelewa na mlambaji hodari hukua na woga mdogo, kama watoto wa huyo aliyemlea. Mwaka 2004 wakaonesha kwamba malezi hubadilisha alama za methili, vibandiko vya kikemia vinavyopunguza kazi ya jeni, kwenye jeni ya kipokezi, DNA ikibaki ileile. Damu ina fungu lake, ila marehemu babu anasingiziwa mengi.

"Mchanga hajui kitu, hatokumbuka." Panya naye hana hadithi ya kulambwa, ila alama imembaki.

"Akilia mapafu yanapata nguvu." Hapana.

"Alikosa malezi, keshaharibika." Hili huwaangukia akina mama waliougua au waliolazimika kuondoka, nami silivumilii. Bucharest, Romania, watoto 136 wa vituo vya yatima waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapelekwa kwenye familia za kuwalea. Waliopelekwa walipata nafuu, hasa waliowahi kabla ya miaka miwili. Wala malezi hayamtaki aliyezaa peke yake. Bibi, baba, shangazi, wote wana vifua.

Ushauri wangu ni uleule, wauguzi wenzangu wanaujua kwa moyo: mbeleko. Kazi za mikono zinaendelea, mtoto yuko mwilini. Kilio kisichotulia hata akibebwa, kikiwa na homa au kukataa ziwa, niletee siku hiyohiyo.

Siku ile nilitaka mtoto anyonye huku akidungwa. Alilia kidogo, akarudi ziwani. Bibi akamfunga mgongoni mwenyewe, akanionya mlangoni kwamba akizoea, nitamlea mimi.